Dakika 15 za Kusahihisha: Tathmini ya Huduma za Ujumbe kwa Jicho la Katibu wa Mtaa

Asubuhi ya Jumamosi moja mwaka jana nilituma tangazo la maziko katika kikundi cha WhatsApp cha mtaa wetu wa Kibokoni hapa Mombasa, ambacho mimi ni katibu wake, na ambacho kazi yake kubwa ni kuwajulisha watu habari za misiba, khitma na arusi. Kwa haraka nilinakili tangazo la msiba uliotangulia, nikabadilisha jina la marehemu, jina la baba yake na nyumba litakakotoka jeneza, lakini neno moja la tangazo la zamani nikaliacha lilivyo. Badala ya kusema kwamba marehemu ataswaliwa baada ya alasiri, tangazo lilisema baada ya adhuhuri. Jamaa walikuwa wameichagua alasiri kwa sababu kijana wao mkubwa alikuwa bado njiani kutoka Nairobi, nami nililijua hilo vizuri, maana ni mimi niliyeambiwa kwanza.

Haikupita muda mrefu mzee mmoja wa ukoo wetu anayekaa Likoni akanipigia simu. Nilimwamkia, akaitika, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hiyo adhuhuri ndiyo kweli? Mimi bado niko ng'ambo huku, sijafika ferini, na nina watu wanaotaka kuvuka pamoja nami." Nikaufungua ujumbe wangu mwenyewe, nikaliona kosa. "Ni alasiri, ami. Nimekosea mimi. Tafadhali waarifu hao ulio nao." Nilipoubonyeza ujumbe ili niuhariri, sehemu ya kuhariri haikuwapo tena, kwa kuwa dakika 15 zinazoruhusiwa zilikuwa zimekwisha kupita, nadhani kwa dakika tatu au nne tu. Nikaufuta kwa wote, jambo ambalo bado liliruhusiwa, nikaandika tangazo jipya na kuweka neno MASAHIHISHO juu yake. Lakini lile la kwanza lilikuwa limeshachukuliwa na kupelekwa katika vikundi vingine vitatu ninavyovijua, na nakala hizo hazikuguswa na ufutaji wangu. Saa saba na nusu mchana kulikuwa na watu wamesimama juani nje ya makaburi ya Kikowani, baadhi yao watu wazima sana, wakingoja jeneza ambalo lilikuwa bado nyumbani. Kosa lilikuwa langu, na nikawaomba radhi mmoja mmoja.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikizichunguza huduma mbalimbali za ujumbe kwa jambo hili moja: mtu akikosea baada ya kutuma, anapewa muda gani wa kusahihisha, na je, sahihisho lake humfikia aliyekwisha kusoma? Watu wengi wanaozilinganisha huduma hizi huangalia ubora wa simu za video, idadi ya picha za kuchekesha au ukubwa wa faili zinazopita. Kwangu mimi, ninayetangaza vifo vya watu na saa za kuzikwa kwao, muda wa kusahihisha na namna sahihisho linavyoonekana ni mambo mazito kuliko hayo yote.

Naanza na WhatsApp kwa sababu ndiyo ambayo karibu kila mtu ninayemjua hapa Mombasa anayo katika simu yake. Kwa miaka mingi aliyekosea alikuwa na njia moja tu, nayo ni kufuta. Huduma ya kufuta ujumbe kwa wote ilianza mwaka 2017 kwa muda wa dakika 7. Mwaka uliofuata muda huo ukapanuliwa ukazidi kidogo saa nzima, na Agosti 2022 ukafikishwa siku 2 na saa 12. Kuhariri kulitangazwa Mei 2023, na muda uliowekwa ni dakika 15 tangu ujumbe utumwe. Hapo ndipo wengi huuliza kwa nini mtu aruhusiwe kufuta kwa siku mbili na ushei, lakini kusahihisha herufi moja asiruhusiwe hata nusu saa.

Nami niliuliza hivyo, tena kwa uchungu, wiki ile ya msiba. Baada ya kulitafakari nimeona kwamba tofauti hiyo ina sababu ya msingi. Ujumbe uliofutwa huacha alama mahali pake, na kila anayepita huona kwamba palikuwa na kitu kikaondolewa, basi hakuna anayedhani kwamba hapakusemwa neno. Ujumbe uliohaririwa ni jambo jingine, kwa sababu maneno mapya hukaa palepale palipokuwa na maneno ya zamani, chini ya jina lilelile na saa ileile, na majibu ya watu yaliyokuwa yakiyajibu maneno ya kwanza hubaki yakionekana kuyajibu ya pili. WhatsApp huweka alama ndogo kuonyesha kwamba ujumbe umehaririwa, lakini haionyeshi ulisema nini hapo awali. Kwa huduma isiyohifadhi maneno ya kwanza, muda mfupi ndio ulinzi pekee uliobaki kwa msomaji, na kwa maana hiyo nakubali kwamba dakika 15 zinaifaa WhatsApp kama ilivyo sasa. Kuurefusha muda huo bila kuonyesha historia ya mabadiliko kungempa mtumaji nguvu ambayo hakuna katibu wala mfanyabiashara anayestahili kuwa nayo.

Kasoro ninayoiona kwenye WhatsApp iko kwingine. Ukihariri ujumbe, wasomaji hawapelekewi arifa mpya. Aliyesoma tangazo lako kwenye kioo cha simu akiwa ndani ya matatu ya Kisauni, akaiweka simu mfukoni akaendelea na safari yake, hatajua kamwe kwamba dakika tano baadaye ulibadilisha swala, isipokuwa arudi mwenyewe kusoma tena. Kwa hiyo hata nikiliona kosa katika dakika ya pili na kulirekebisha barabara, nitakuwa nimeusahihisha ujumbe lakini sijawasahihisha watu. Dawa niliyoipata ni nyepesi: kila ninapohariri jambo lenye saa, mahali au kiasi cha fedha, huandika mara moja ujumbe wa pili chini yake unaosema neno gani limebadilishwa na kuwa neno gani. Ujumbe huo wa pili huleta arifa, na ndio unaofanya kazi yenyewe. Kuhariri hubaki kwa ajili ya atakayechelewa kuingia.

Inafaa msomaji ajue jinsi mambo haya yanavyotendeka ndani ya mtambo, kwa sababu wapo wanaodhani kwamba kampuni hulifungua tangazo lako na kulibadilisha wao wenyewe. Katika WhatsApp na Signal ujumbe hufungwa kwa namba za siri kuanzia simu ya mtumaji hadi simu ya mpokeaji, na seva iliyo katikati haiwezi kuusoma. Ukihariri, simu yako hutuma ujumbe mwingine uliofungwa vilevile, unaoiambia simu ya mpokeaji iyaondoe maneno fulani na kuweka haya badala yake. Ile nakala iliyokwisha kupelekwa katika kikundi kingine ni ujumbe unaojitegemea, wa mtu mwingine, wenye saa yake, na simu yako haina amri juu yake. Ndiyo maana tangazo langu la adhuhuri liliendelea kuzunguka Majengo na Bondeni wakati kwetu Kibokoni lilikwisha kufutwa. Hata kama ningepewa siku nzima ya kuhariri, watu wale wangesimama juani vilevile. Hilo lilinichukua muda kulikubali, maana kwa wiki kadhaa nilikuwa nikizilaumu zile dakika tatu au nne zilizonipita.

Kabla ya kwenda mbele, nieleze kwa nini siungi mkono muda mrefu usioambatana na kumbukumbu. Mwaka mmoja, Ramadhani ilipokaribia, kikundi chetu kilikuwa kikitafuta tende na mchele wa kugawia nyumba zenye mayatima na wajane. Muuzaji mmoja, ambaye simtaji yeye wala huduma aliyoitumia, aliweka bei ya katoni ya tende mbele ya watu wote, nami nikamjibu papo hapo kwamba tumekubali na kwamba tunataka katoni ishirini. Siku ya pili mweka hazina wetu alipofungua ili ahakikishe kabla ya kutoa fedha, bei ilikuwa imepanda kwa shilingi mia mbili kwa kila katoni, na chini yake palikuwa na maneno yangu yakisema, "Tumekubali." Palikuwa na alama ya kuhaririwa, lakini bei ya kwanza haikuonekana popote. Muuzaji alisema bei ilikuwa hiyo tangu mwanzo. Mweka hazina, ambaye ni mama wa makamo anayeandika kila kitu katika daftari, alikuwa ameiandika bei ya kwanza kwa kalamu ya wino siku ileile, na kwa daftari hilo tulijua kwamba hatukuota. Tulinunua tende kwingine. Fedha hazikupotea, lakini kwa siku nzima mimi, niliyetoa neno la kukubali, nilionekana mtu aliyekubali bei ambayo kikundi hakikuidhinisha.

Telegram ndiyo huduma kubwa niliyoikuta ikitoa muda mrefu zaidi katika mazungumzo na vikundi. Iliingiza kuhariri tangu mwaka 2016, miaka saba kabla ya WhatsApp, na inamruhusu mtumaji kubadilisha maneno yake kwa saa 48. Mazungumzo yake ya kawaida huhifadhiwa katika seva za kampuni, hivyo badiliko hufanyika huko na kuonekana katika simu na kompyuta zote za mtu kwa wakati mmoja, na kwa katibu anayeandika kwenye kompyuta mchana na kusoma kwenye simu usiku hilo ni jambo zuri sana. Kikundi chake kinaweza kubeba watu hadi 200,000, wakati kile cha WhatsApp hufikia 1,024. Lakini msomaji haonyeshwi maneno yaliyotangulia, ila alama ya kuhaririwa tu, na saa 48 ni muda unaotosha mkataba wa biashara kuwekwa, kujibiwa na kulipiwa. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 2019 Telegram inamruhusu mtu katika mazungumzo ya watu wawili kufuta ujumbe wowote, wake au wa mwenzake, wakati wowote, bila kuacha alama. Wapo wanaouona huo kuwa uhuru, na kwa mtu anayeogopa simu yake kuingia mikononi mwa adui pengine ni kweli. Kwa shughuli za mtaa, ambapo maneno ya watu ndiyo hati zao, mimi siwezi kuipendekeza kwa ajili ya mapatano yoyote ya fedha.

Sasa nije kwenye kikundi changu cha pili, ambacho ndicho kilichonifanya nibadilishe mawazo yangu kuhusu zile dakika 15. Ni kikundi cha mashairi, cha watu wachache wa Mji wa Kale na wengine wawili watatu wa Changamwe na Nyali, na kazi yetu ni kujibizana. Mmoja hutoa shairi, mwingine hulijibu kwa bahari ileile na vina vilevile, na mambo huendelea hivyo hata wiki mbili. Makosa ya mashairi hayafanani na makosa ya matangazo. Kosa la tangazo mtu hulijua akilisoma mara ya pili kwa macho, lakini kosa la shairi mara nyingi hulijui mpaka ulighani kwa sauti, na watu wengi hughani usiku, baada ya isha, watoto walipolala.

Mwenzetu mmoja alitunga shairi la tarbia ambalo mshororo wake wa kwanza ulikuwa, "Nimeitafuta ndia, ya kukufikia wewe." Aliandika ndia, yaani njia, kama tunavyosema sisi watu wa Mvita, na kibodi ya simu yake, isiyoijua lahaja yetu, ikaligeuza neno kuwa India. Mizani nane za ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mshororo, zikawa tisa, na maana ikawa imevuka bahari. Alituma, akaenda msikitini, na aliporudi muda wa kuhariri ulikuwa umepita. Wakati huo mwenzetu mwingine alikwisha kujibu. Alidhani ile mizani ya tisa ni uhuru wa mshairi, akalichukua neno India kwa uzito wake wote na kutunga beti tatu nzuri mno juu ya majahazi yanayongoja kusi ili yarudi Bara Hindi, na mpenzi anayebaki ufuoni akiyaangalia yakipungua. Kwa haki yangu nasema majibu yale yalikuwa bora kuliko shairi lililojibiwa.

Tufikiri basi lipi lingekuwa sawa. Kama huduma ingemruhusu mshairi wa kwanza kurudisha neno ndia kimya kimya, shairi lake lingepona, lakini beti za majahazi zingebaki zikielea bila bandari, na msomaji wa kesho angemwona mjibuji kuwa mtu asiyesoma vizuri. Kama asingeruhusiwa kabisa, shairi lingebaki na mizani mbovu katika kumbukumbu ya kikundi, na kwa mtu anayejali sanaa hiyo ni adhabu kubwa kuliko kosa. Sisi tuliamua kwa njia ya zamani: alituma shairi lote upya likiwa sahihi, na maelezo ya mstari mmoja juu yake, na lile la kwanza tukaliacha pale kwa heshima ya aliyejibu. Mji huu umeyaishi malumbano ya namna hiyo tangu enzi za Muyaka bin Haji, ambaye beti zake za miaka ya mwanzo ya karne ya 19 zilitufikia kwa sababu waliozisikia walizihifadhi vichwani na baadaye zikaandikwa mwishoni mwa karne hiyo. Katika malumbano, shairi linalojibiwa na shairi linalojibu ni mali ya pamoja, na ukiligusa moja umeligusa la pili.

Ni kwa sababu ya jambo hilo Signal ndiyo iliyonipendeza kuliko zote. Huduma hii, inayoendeshwa na shirika lisilo la faida la huko Marekani, iliingiza kuhariri mwaka 2023 kwa masharti ambayo mimi nayaona yametungwa na mtu aliyefikiri vizuri. Una saa 24 tangu kutuma, na unaweza kuhariri mara zisizozidi 10. Msomaji akigusa alama ya kuhaririwa huonyeshwa matoleo yote yaliyotangulia, kila moja na saa yake. Saa 24 zinatosha kulala, kughani, na kuamka ukiwa na masikio mapya, na historia ile humlinda aliyekujibu, kwa kuwa ye yote anayetaka kujua beti za majahazi zilitoka wapi atafungua na kuliona neno India likiwa mahali pake. Kama muuzaji wetu wa tende angekuwa kwenye huduma yenye historia, tusingehitaji daftari la mweka hazina, wala neno langu lisingetiliwa shaka.

Upungufu wa Signal kwetu ni watu. Nilipowashauri wenzangu wa mashairi tuhamie huko, tulihama sote ndani ya siku tatu, kwa kuwa tu wachache na sote tuna hamu. Kikundi cha mtaa sijaweza kukihamisha, na sitarajii. Mama anayeuza mahamri asubuhi hataweka programu nyingine katika simu iliyojaa picha za wajukuu ili tu aweze kuona katibu alibadilisha neno gani. Huduma bora isiyo na majirani zako ndani yake haiwezi kutangaza maziko, na kwa ajili hiyo tangazo la mtaa litabaki WhatsApp.

Nyingine nitazipitia kwa ufupi. Wenye iPhone, tangu toleo la iOS 16 la Septemba 2022, wanaweza katika iMessage kuhariri kwa dakika 15, mara zisizozidi tano, na kuurudisha ujumbe kabisa ndani ya dakika 2. Mpokeaji akigusa huona maneno ya awali, jambo ambalo WhatsApp ingeweza kuliiga hata bila kuongeza dakika moja. X, wakati huo ikiitwa Twitter, ilipoanza kuruhusu kuhariri mwaka 2022, kwa wanaolipa tu, ilitoa dakika 30 na baadaye ikazifanya 60, nayo huonyesha matoleo yaliyotangulia. Kufanya sahihisho kuwa kitu cha kununuliwa sikubaliani nako hata kidogo, kwa sababu asiyekuwa na fedha hukosea sawa na mwenye nazo. Facebook haiweki kikomo cha muda kwa maandishi ya kawaida ya ukurasani, ila historia ya mabadiliko yake inaweza kufunguliwa na msomaji. Kwa ukurasa wa kikundi chetu, tunapoweka ratiba ya maulidi au orodha ya michango, mpangilio huo umetufaa, na tumesahihisha majina ya watu miezi miwili baada ya kuyaandika bila mtu kulalamika.

Gmail inastahili maelezo kidogo zaidi, maana ina wazo tofauti. Barua ikishatoka haihaririki, lakini unaweza kuamuru kwamba kila barua ikae sekunde 5, 10, 20 au 30 kabla ya kuondoka, na ndani ya muda huo ukaizuia. Mimi nimeweka 30. Hapo muda unakuja kabla ya watu kusoma, na hakuna anayedanganywa wala kuchanganyikiwa, kwa sababu maneno yaliyozuiwa hayakuwahi kufika kwa mtu. M-Pesa nayo hutuonyesha jina la mpokeaji kabla hatujathibitisha kutuma fedha, na kila mtu hapa anajua ni mara ngapi jina lile limemzuia kidole. Natamani sana huduma za vikundi zitoe kitu cha aina hiyo: msimamizi wa kikundi chenye mamia ya watu aweze kuamua kwamba tangazo lolote litakaa dakika mbili likionekana kwake na kwa msimamizi mwenzake tu, kisha ndipo lifunguke kwa wote. Dakika mbili kabla zingeniokoa kuliko saa 48 baada.

Wapo pia watu ambao tathmini yote hii haiwahusu, nao siwezi kuwasahau. Nina orodha ya wazee kumi na mmoja wenye simu za kabambe, zile ndogo za vitufe, ambao huwapelekea matangazo kwa ujumbe mfupi wa kawaida, ule wenye nafasi ya herufi 160, ambao tangu ulipotumwa kwa mara ya kwanza nchini Uingereza Desemba 1992 haukuwekewa njia ya kuhaririwa. Ukikosea kwao, umekosea. Kinachobaki ni kupiga simu moja moja, kuamkia, kuuliza hali ya nyumbani, na kisha kusema kwamba ni alasiri, si adhuhuri. Siku ya msiba ule nilipiga simu kumi na moja, na hakuna hata mmoja kati ya wazee hao aliyesimama juani, wakati wenye simu kubwa, ambao nilidhani tangazo langu jipya limewafikia wote, ndio waliosimama.

Kwa mwenye kikundi cha mtaa kama changu, ushauri wangu ni kwamba abaki WhatsApp na azichukulie dakika 15 kuwa ni za kurekebisha tahajia na majina tu. Kosa la saa, mahali au fedha, ingawa mimi nimekuwa nikilihariri na kuongeza ujumbe wa pili, ni salama zaidi lifutwe na liandikwe upya lote, hata likigunduliwa katika dakika ya kwanza, ili tangazo jipya lije na arifa yake na lenye kosa liache alama kwamba limeondolewa. Mwenye kufanya biashara na achague huduma inayoonyesha matoleo ya awali, au apige picha ya skrini ya bei kabla ya kuandika kwamba amekubali. Washairi nawaombea Signal, na kama hawaipati, watume shairi upya kama tulivyofanya sisi.

Nimeacha pia kunakili matangazo ya zamani. Ninayo fomu tupu niliyoiandika mwenyewe, yenye nafasi ya jina, nyumba, swala, msikiti na makaburi, na nafasi ya swala nimeiwekea alama ya kuuliza ambayo lazima niiondoe kwa mkono. Nikimaliza kuijaza humtumia mweka hazina peke yake, naye huisoma kwa sauti nikiwa kwenye simu. Juzi tulikuwa na msiba wa Makadara, akaisoma, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Kaka, jina la baba yake ni Salim, umeandika Salum." Nikalibadilisha, ndipo nikatuma.